Redio ya Greda na Somo la Umeme

Kila mwanachuo aliyepita katika darasa la mbinu za kufundishia anaikumbuka kanuni isemayo kwamba mwalimu huanza na jambo ambalo mtoto analijua, kisha humwongoza kuelekea jambo asilolijua. Kanuni hii huandikwa katika madaftari, hutajwa katika mitihani, na huonekana katika karibu kila andalio la somo ninalolisahihisha. Hata hivyo, ni mara chache ninapomkuta mwanachuo aliyejiuliza: mtoto huyu nitakayemfundisha anajua nini hasa, na amelijulia wapi? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kutumia jambo moja dogo lililotokea hapa Tukuyu, nalo ni kuharibika kwa redio ndani ya greda.

Yumkini msomaji atashangaa redio ya greda imeingiaje katika jarida la walimu. Namwomba anivumilie kidogo. Mada ya umeme ni miongoni mwa mada zinazowatia hofu walimu wengi wa shule za msingi, na mara nyingi hufundishwa kwa kuchora betri na balbu ubaoni, kisha watoto wakanakili. Redio ile ilitupa nafasi ya kuona upungufu wa njia hiyo, na pia ilituonyesha njia iliyo bora zaidi.

Greda na mwendeshaji wake

Wilaya ya Rungwe ni nchi ya mvua. Mji wa Tukuyu umekaa katika kimo cha yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayonyesha katika mwaka mmoja huzidi milimita 2,000. Udongo wake, uliotokana na volkano, ndio unaostawisha migomba, chai, kahawa na viazi. Lakini udongo huo huo ukilowa huwa utelezi mtupu, na barabara za vijijini huchimbika makorongo. Barabara ikifungika, majani mabichi ya chai yaliyokwisha kuchumwa hayafiki kiwandani kwa wakati, na mkulima hupata hasara. Kwa hiyo greda si kitu kigeni kwa mtoto wa hapa. Huijua sauti yake kabla haijatokea kwenye kona.

Mwendesha greda, au opareta kama tunavyomwita, hufanya kazi peke yake. Hukaa ndani ya kebini tangu asubuhi hadi jioni, huku akitikiswa na kuzungukwa na ngurumo ya injini. Redio kwake ni saa, ni gazeti, na ni mwenzake wa kazi. Kwa redio hupata taarifa ya habari, utabiri wa mvua, matangazo ya misiba na matokeo ya mpira. Tusilidharau jambo hili, kwa maana nchi yetu imewahi kuitumia redio kama mwalimu wa taifa zima. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini wakasikiliza vipindi vya redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, makumi ya maelfu ya walimu wa shule za msingi walipata mafunzo yao wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, mikutano na wakufunzi, na vipindi vya redio. Baadhi ya waliotufundisha sisi kusoma na kuandika walitokana na mpango ule.

Kisa chenyewe

Katika msimu mmoja wa masika, opareta mmoja, mtu wa makamo aliyepanga chumba karibu na chuo, alinijia jioni akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, Mwalimu," kisha akatoa redio ndogo ya gari na kuiweka mezani. Ilikuwa ikinuka waya ulioungua.

"Mwalimu," akasema, "ninyi hapa ndio mnaofundisha umeme. Hebu niambieni huyu amekufa kwa nini, maana ameishi kwangu chini ya dakika moja."

Akaeleza kwamba redio ya zamani ya greda ilikuwa imekufa baada ya miaka mingi ya vumbi na mtikisiko. Mwajiri hakuona umuhimu wa kununua nyingine, kwa hiyo yeye alitoa fedha yake mwenyewe akanunua redio ya gari dogo, ikiwa mpya katika boksi lake. Kijana mmoja fundi wa magari madogo akamfungia. Ilipowashwa, taa zake zikawaka, ikakoroma kidogo, kisha ikanyamaza na moshi ukafuka. Fedha ilikuwa imekwenda, lakini kilichomsumbua zaidi ni ile harufu. Mtu anayekaa juu ya tangi la dizeli haipendi harufu ya waya unaoungua karibu na magoti yake.

Siku iliyofuata niliichukua redio ile darasani. Wanachuo wa mchepuo wa sayansi walikuwa wamekwisha kumaliza mada ya umeme, na katika jaribio walikuwa wamefanya vizuri. Nikaiweka redio mezani, nikawasimulia habari yote, nikauliza: imeungua kwa nini?

Majibu yalikuwa mengi. Mmoja alisema redio ni ya bandia. Mwingine alisema waya za chanya na hasi ziligeuzwa. Wa tatu alisema fyuzi haikuwapo, na wa nne akasema maji ya mvua yaliingia. Kila jibu liliwezekana kuwa kweli. Nikawataka waeleze maana ya volti, wakaieleza barabara, neno kwa neno. Nikaandika ubaoni uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani, wakautambua. Hata hivyo, kipindi kilikwisha bila mtu hata mmoja kuuliza swali lililokuwa la kwanza kabisa: greda ina volti ngapi?

Baada ya kipindi, mwanachuo mmoja wa kike alinifuata nje. Akasema kwa sauti ya chini, "Mkufunzi, baba yangu anaendesha lori la kubeba majani ya chai. Gari lile lina betri mbili. Baba hakubali kifaa cha gari dogo kifungwe humo, anasema kitaungua."

Nikamwuliza kwa nini hakulisema hilo darasani.

Akajibu, "Nilidhani tunaulizwa umeme, Mkufunzi. Hayo nikaona ni mambo ya gari."

Ndugu mwanachuo, nakuomba usimame kidogo hapo. Mwanachuo yule alikuwa na jibu, tena jibu sahihi kuliko yote. Alikuwa amelipata nyumbani, kwa baba yake, pengine tangu akiwa na umri wa miaka minane. Lakini miaka yote ya shule ilikuwa imemfundisha kwamba kuna ujuzi wa darasani na kuna ujuzi wa nyumbani, na kwamba huu wa pili haupigiwi mkono. Kama mwalimu mtarajiwa ameufunga ujuzi wake mwenyewe mlangoni, atawezaje kuufungulia mlango ujuzi wa watoto atakaowafundisha?

Betri mbili

Tuliomba ruhusa kwa msimamizi wa kazi, na mchana mmoja ambao mvua iliisimamisha greda kando ya barabara, wanachuo wakaenda kuiona. Opareta aliteremsha jembe lake mpaka likakaa chini, akazima injini, akatoa ufunguo, ndipo akatufungulia sanduku la betri. Zilikuwa mbili, zimeunganishwa kwa mfuatano: chanya ya moja imefungwa kwenye hasi ya nyingine.

Hapo hesabu ikawa nyepesi. Betri moja ya namna hiyo ina vyumba sita, na kila chumba hutoa yapata volti 2. Kwa hiyo betri nzima hutoa volti 12. Betri mbili za mfuatano hutoa volti 24. Injini ikiunguruma na altaneta ikichaji, volti hupanda hadi yapata 28. Mitambo mizito na malori makubwa hutumia volti 24 kwa sababu mota ya kuwashia injini kubwa inahitaji nguvu nyingi. Volti zikiwa maradufu, nguvu ile ile hupatikana kwa mkondo nusu, na waya hazilazimiki kuwa nene kupita kiasi. Gari dogo, ambalo ndilo redio ile ilitengenezwa kwa ajili yake, hutumia volti 12.

Nikawataka wanachuo wakokotoe mfano wa balbu. Chukua balbu yenye ukinzani wa omu 6. Ikipewa volti 12, mkondo ni ampea 2, na nguvu inayotumika ni wati 24. Ikipewa volti 24 na ukinzani ukabaki ule ule, mkondo ni ampea 4, na nguvu ni wati 96. Volti zimeongezeka mara mbili, lakini joto limeongezeka mara nne. Redio ina vipuri vingi na haifuati hesabu ya balbu moja kwa moja, ila maana ni ile ile: vipuri vyake vilipewa zaidi ya vilivyoweza kuhimili.

Opareta aliyekuwa akitusikiliza akacheka. "Kumbe," akasema, "nimemlisha mtoto sahani ya watu wazima wawili."

Msemo ule ulifanya kazi kuliko mchoro wangu wa ubaoni, na wanachuo kadhaa waliuandika.

Njia ya mkato na madhara yake

Mwanachuo mmoja, kijana mwerevu, alitoa shauri. Kama kila betri ina volti 12, kwa nini redio isichukue umeme kutoka betri moja tu na kuiacha nyingine? Shauri hili lilistahili kupewa heshima, maana linatokana na kufikiri. Isitoshe, wako wanaolitumia, na redio huimba bila tatizo siku ya kwanza.

Sikumjibu. Niliwataka wenzake wafikiri, kisha nikamwomba opareta atoe mfano wa maisha. Akasema: "Vijana wawili wamebeba mkungu mkubwa wa ndizi kwa mti mmoja, kila mmoja na bega lake. Sasa mmoja wao mwongezee mzigo wa kuni kichwani. Jioni wape chakula sawasawa. Baada ya wiki mbili mtaona nani ameanguka."

Mfano ule ni sahihi kisayansi. Betri zilizounganishwa kwa mfuatano hupokea mkondo ule ule wa kuchajiwa. Ile inayolisha redio hupungukiwa zaidi, lakini hupewa sawa na mwenzake. Kwa hiyo moja haijai kamwe, na nyingine hujazwa kupita kiasi mpaka maji yake hukauka. Baada ya muda betri zote mbili hudhoofika, na asubuhi moja ya baridi mtambo hukataa kuwaka.

Kufunga redio mpya kwa utaratibu

Opareta alipata redio nyingine iliyokwisha kutumika, na safari hii kazi ilifanywa na fundi umeme wa malori. Wanachuo walitazama na kuandika. Naziorodhesha hapa hatua alizozifuata, kwa kuwa kila moja inaweza kuwa swali la darasani.

Kwanza, alimhoji mwenye mtambo kabla ya kugusa waya. Redio ya awali ilikufa ghafla, au ilififia polepole? Ilikuwa ikikatika greda inapopita kwenye mashimo? Redio inayokatika kwa mtikisiko huenda ni nzima, na ubovu ukawa kwenye waya uliolegea. Iliyokufa ghafla mara nyingi huelekeza kwenye fyuzi.

Pili, alihakikisha kwamba mtambo umezimwa, akavua pete na saa yake, kisha akakata umeme kwa swichi kuu ya betri. Pale pasipokuwa na swichi hiyo, fundi hufungua kwanza waya wa hasi. Sababu yake ni hii: bodi ya mtambo imeunganishwa na hasi, kwa hiyo spana inayofungua chanya ikigusa chuma huku hasi bado imefungwa, shoti hutokea.

Tatu, alisoma maandishi yaliyo kwenye ganda la redio ili ajue volti zake. Redio ya volti 24 hufungwa moja kwa moja. Hii ilikuwa ya volti 12, kwa hiyo alitumia konvata, yaani kifaa kinachopokea volti 24 na kutoa volti 12. Alitazama pia ampea: konvata haina budi kuweza kutoa mkondo mwingi kuliko ule ambao redio huhitaji inapopiga kwa sauti kubwa.

Nne, alitambua kazi ya kila waya. Katika redio nyingi za magari, waya mweusi huenda kwenye bodi; mwekundu hupata umeme ufunguo unapozungushwa; wa njano hupata umeme wakati wote ili saa na vituo vilivyohifadhiwa visipotee; na waya za rangi nyingine, zilizopangwa jozi jozi, huenda kwenye spika. Alitueleza kwamba rangi ni desturi tu, na huenda mtu aliyetangulia aliibadili, kwa hiyo hupima kwa mita kabla ya kuamini. Alitukataza pia kuunganisha waya wa spika na bodi, kwa maana redio nyingi za siku hizi huharibika kwa kufanyiwa hivyo.

Tano, aliweka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa, karibu na mahali umeme unapochukuliwa. Kuweka waya wa shaba mahali pa fyuzi ni sawa na kumwondoa mlinzi na kuweka sanamu yake.

Sita, aliikinga redio na adui zake, ambao ni vumbi, maji na mtikisiko. Aliikaza kwa skrubu na vipande vya mpira, akazifunga waya pamoja zisining'inie, na pale waya ulipopita kwenye tundu la chuma akaweka bushi ya mpira ili ukingo wa chuma usiukate.

Baada ya hapo umeme ukarudishwa, redio ikawashwa, ikazungumza. Tulipokaribia kushangilia, injini ikawashwa na redio ikaanza kutoa mluzi uliopanda kila injini ilipoongezwa kasi. Fundi akacheka, akaufungua waya wa bodi, akaikwangua rangi na kutu mahali ulipofungwa, akaukaza upya. Mluzi ukatoweka. Wanachuo wakajifunza kwamba kipitishi kizuri kinaweza kuzuiwa na tabaka jembamba la kutu.

Milima nayo ni mwalimu

Opareta alituambia jambo jingine. Redio yake ya zamani ilikuwa ikisikika vizuri juu ya mgongo wa kilima na kukatika kila alipoteremka bondeni, na kwa muda mrefu alidhani ni ubovu wake. Hapa somo la umeme lilipakana na jiografia. Mawimbi ya FM husafiri zaidi kwa njia iliyonyooka, kwa hiyo mlima ukisimama kati ya mnara na antena, sauti hufifia. Nasi tunaishi miguuni pa Mlima Rungwe, wenye kimo cha yapata mita 2,960, katika wilaya iliyojaa matuta na mabonde. Watoto wa hapa wanajua ni kilima gani cha kwenda ili simu ipate mtandao. Mwalimu akiwauliza kwa nini iwe kilima kile wala si kingine, amekwisha kuanza kufundisha habari za mawimbi.

Fundi naye alitoa onyo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya sayansi. Redio ya mtambo isifunguliwe kwa sauti inayozidi sauti ya mtu aliye nje, kwa sababu opareta lazima asikie anapoitwa kwamba kuna mtoto nyuma ya gurudumu.

Lugha ya fundi na lugha ya kitabu

Katika ziara ile niliona pia tatizo la lugha. Fundi alisema "moto" pale kitabu kinaposema mkondo wa umeme. Alisema "bodi" pale sisi tulipozoea kusema upande wa hasi. Aliposema "laini imekata," alikuwa na maana kwamba sakiti haijakamilika. Baadhi ya wanachuo walitabasamu, kana kwamba fundi hajui. Baadaye niliwapa kazi ya kupanga maneno yake upande mmoja na maneno ya kitabu upande wa pili, wakaona kwamba mengi yanalingana. Mtoto anayetoka nyumba ya fundi huja shuleni na maneno ya upande wa kwanza. Mwalimu akiyacheka, mtoto atanyamaza. Akiyapokea na kumpa neno la pili la kuweka kando yake, mtoto atakuwa na maneno mawili badala ya moja.

Kazi ya darasani

Ndugu mwanachuo, huenda utapangiwa shule ambayo haina greda karibu, wala mita, wala maabara. Hilo lisikukatishe tamaa. Betri mbili za tochi, vipande vya waya na mota ndogo iliyotolewa kwenye kaseti mbovu vinatosha kuonyesha jambo lile lile. Mota ikiungwa na betri moja ya volti 1.5 huzunguka polepole. Ikiungwa na mbili kwa mfuatano huzunguka kwa kasi. Waulize watoto kitatokea nini tukiongeza betri nyingine, na nyingine, na ni wakati gani tutasimama. Kisha ziache betri mbili ziendeshe mota moja, na betri moja kati ya hizo iendeshe pia mota ya pili. Baada ya saa kadhaa jaribu mota kwenye kila betri peke yake, uwaache watoto wenyewe wagundue ipi imechoka zaidi. Hapo utakuwa umewafundisha habari ya vijana wawili na mkungu wa ndizi.

Lakini zingatia sana usalama. Majaribio ya watoto yafanywe kwa betri za tochi peke yake. Betri ya gari ina tindikali, hutoa gesi inayoweza kulipuka inapochajiwa, na shoti yake huyeyusha chuma. Umeme wa nyumbani usiguswe kabisa. Watoto wakipelekwa kuona mtambo, wasimame mbali, mtambo uwe umezimwa, na ruhusa iwe imepatikana kwa mwenye dhamana.

Katika andalio la somo, napendekeza uiongeze sehemu moja fupi kabla ya utangulizi, yenye maswali mawili. La kwanza: ni nani katika kijiji hiki anayeshughulika na jambo hili kila siku? La pili: ni watoto gani wa darasa langu wanaoishi naye? Ukikosa majibu, tembea kabla hujaingia darasani. Pita kwenye karakana, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, kwenye mashine ya kusaga, kwa fundi wa redio sokoni. Salimu, keti, uliza, sikiliza. Mzee anayekarabati pampu hana cheti, lakini kila siku anatafuta hitilafu kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio sayansi tunayoitafuta.

Kisha, unapouliza swali darasani, liulize kwa namna ambayo mtoto wa dereva atajua kwamba anaulizwa yeye pia. Badala ya kusema tu "Volti ni nini?", sema "Nani amewahi kuona betri za lori? Zilikuwa ngapi? Kwa nini?" Maana ya volti itafuata, na itakapofika itakuta pa kukaa.

Mwanachuo yule wa kike alikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha muhula uliofuata. Nilipokwenda kumtazama, somo lake lilikuwa la sakiti, na mezani palikuwa na betri za tochi na mota ya kaseti. Katika kipindi kizima alisema maneno machache kuliko watoto. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mwalimu wa darasa alikuwa amenitahadharisha kwamba ni mzito, alieleza kwa ufasaha jinsi mjomba wake anavyojua fyuzi ya bodaboda imekatika. Nilimpa mwanachuo yule alama za juu, na katika nafasi ya maoni nikaandika kwamba zana bora kuliko zote alizozitumia siku ile ilikuwa mjomba wa yule mvulana.